Mama Besi Anajibu: Kabla Maiki Hazijawashwa

Tangu niandike kwenye ukurasa huu kwamba mpiga vyombo wa kanisani hubeba nyaya muda mrefu kuliko anavyopiga gitaa, barua zimemiminika. Nimechagua chache. Nyingine nimezipunguza, maana ndugu mmoja alinipa historia nzima ya kanisa lake tangu kuwekwa jiwe la msingi, ndipo akafika kwenye swali la drams. Majibu ni ya mpiga besi, lile gitaa la sauti za chini, na mpiga besi huiona ibada akiwa pembeni, bega kwa bega na mpiga drams. Mwimbaji angewajibu tofauti.

SWALI: Shikamoo Mama Besi. Nina miaka 19, napiga gitaa nyumbani, na kiongozi wa sifa ameniita nijiunge na timu. Jumapili nawaona mnapiga kama dakika 40, mnatabasamu, mnashuka. Kabla sijakubali, kuna nini kingine nisichokiona?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usichokiona ndicho kingi.

Kazi huanza siku kiongozi anapotuma orodha ya nyimbo. Kwetu hufika Jumatatu jioni, au Jumatano pamoja na maneno mengi ya kuomba radhi. Katika nyimbo tano, tatu tunazijua, mmoja ni mpya, na mmoja tunadhani tunaujua. Huo wa mwisho ndio unaoangusha bendi. Wimbo mpya kila mtu anauogopa, kwa hiyo anaufanyia kazi. Ule wa kudhani, kila mtu ana wake kichwani: mpiga kinanda anakumbuka kiitikio kinarudiwa mara mbili, mpiga drams anakumbuka mara nne, na mimi nakumbuka jinsi tulivyoupiga kwenye harusi ya mtu.

Sikiliza nyimbo zote mapema, gitaa likiwa bado limetundikwa ukutani. Andika mpangilio wake kwenye karatasi: utangulizi, ubeti, kiitikio, ubeti wa pili, pale panapotulia, pale panapopanda. Kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ziandike kwa namba badala ya herufi. Wimbo ukiwa kwenye ufunguo wa G, yaani G ndiyo noti yake ya nyumbani, basi G ni 1, C ni 4, D ni 5. Jumapili asubuhi kiongozi atakuja na mafua aombe mshuke hadi E. Karatasi yako haibadiliki: 1 sasa ni E, 4 ni A, 5 ni B. Wanamuziki wa studio wa Nashville, Marekani, walizoea kuandika hivi tangu miaka ya 1950, kwa sababu waimbaji waliokuja kurekodi walikuwa wakibadilisha ufunguo kila mara. Wa kwetu nao wamo.

Wimbo ujifunze nyumbani. Mazoezini tunakuja kupatana: nani anaanza, nani ananyamaza kwenye ubeti wa kwanza, tunamalizaje. Hasa tunamalizaje. Bendi nyingi huanza wimbo vizuri na kuumaliza kama abiria wanaoshuka gari likiwa bado linatembea. Sisi tukibakiwa na muda mchache, tunafanya mazoezi ya miisho tu na mapito ya kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine. Katikati patajitengeneza.

Kisha Jumapili yenyewe. Utafika mapema kuliko mhudumu wa mlangoni. Drams hupangwa kwanza kwa sababu ndizo zinazokula nafasi, halafu kinanda, halafu magitaa, halafu stendi za maiki. Kila chombo kinachotumia umeme kina waya wa kwenda kwenye umeme na mwingine wa kwenda kwenye mikseri, ile meza ya fundi mitambo ya kuchanganyia sauti, na nyaya zote zilale chini na kubandikwa kwa gundi ya karatasi ile pana, maana mwanakwaya mwenye viatu virefu hapigi hesabu ya nyaya zako. Tuni gitaa lako kwa kipimo, usitegemee sikio ukumbini wenye kelele. Kiwango kinachotumika karibu kila mahali ni A ya mitetemo 440 kwa sekunde, na kinanda cha umeme kikitoka kiwandani huwa kimewekwa hapo. Wewe ndiye unayekifuata kinanda, kwa kuwa chenyewe hakituniwi kila asubuhi.

Ukimaliza kupiga, ibada ikiisha na watu wakisalimiana nje, wewe utakuwa umepiga magoti unakunja nyaya. Mzunguko mmoja unapita juu, unaofuata unapita chini. Ukimwona mtu anaviringisha waya kati ya kiganja na kiwiko, mpokonye kwa upole. Ule msokoto unavunja shaba ndani, na utajua Jumapili nyingine katikati ya maombi, spika inapokwaruza.

Kama umesoma hadi hapa na bado unataka, kubali. Njoo na waya wa akiba, seti ya nyuzi, betri mpya na penseli.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe Mama Besi. Naongoza sifa kanisani. Nina sauti ya juu, na nyimbo naziimba kama zilivyo kwenye rekodi. Ubeti wa kwanza waumini wanaimba na mimi, kiitikio kikifika wananyamaza, wanapiga makofi na kunitazama. Wapiga vyombo wananiambia ni ufunguo. Mimi naona ni ukavu wa kiroho. Nani yuko sahihi?

JIBU: Asifiwe sana dada yangu. Ukavu wa kiroho hauanzii kwenye kiitikio. Wapiga vyombo wako sahihi.

Msanii aliyerekodi wimbo ule alichagua ufunguo unaoonyesha sauti yake. Wewe unaimba na fundi seremala, bibi mwenye kikohozi na kijana ambaye sauti yake imevunjika juzi. Mwanamke asiye na mafunzo ya kuimba huwa na raha kuanzia A iliyo chini ya C ya kati ya kinanda hadi D ya oktava (ngazi ya noti nane) inayofuata juu. Mwanamume naye ni hivyo hivyo, oktava moja chini. E wanaifikia wakiwa wamechangamka. Ukivuka hapo, nusu ya ukumbi inafunga mdomo, na makofi ndiyo njia yao ya heshima ya kukuambia.

Fanya hivi. Kabla ya mazoezi kaa na mpiga kinanda, mtafute noti ya juu kabisa ya wimbo na ya chini kabisa. Tuseme wimbo unashuka hadi 5 ya chini na kupanda hadi 5 ya juu. Ukiupiga kwenye G, unatoka D hadi D, na watu wote wako ndani. Ukiupeleka kwenye B kama rekodi ilivyo, kilele ni F iliyopandishwa nusu, na hapo utabaki na sopreno wawili wa kwaya na malaika. Kuna pia nyimbo za siku hizi ambazo ubeti wake uko chini kama mnong'ono, kisha kiitikio cha mwisho kinaruka oktava nzima. Kwa msanii peke yake ni kitu kizuri. Kwa kusanyiko, chagua oktava moja ukae humo.

Usiogope kutusumbua. Mpiga gitaa ana kapo, kile kibanio cha nyuzi shingoni, anaisogeza. Mpiga kinanda ana kitufe cha kuhamisha ufunguo, ingawa akumbuke kukirudisha kwenye sifuri kabla ya wimbo unaofuata, la sivyo tutasikia nyimbo mbili kwa pamoja. Mimi nasogeza mkono tu.

Ukishashusha, jaribu jambo moja. Kiitikio cha mara ya tatu, rudi nyuma hatua moja kutoka kwenye maiki na utupe ishara tunyamaze. Wote, hata kinanda. Sekunde mbili za kwanza utaogopa, kwa kuwa ukumbi utashtuka. Halafu wanajisikia wenyewe. Wazee wa besi wanaitafuta sauti ya chini bila kuambiwa, mtu fulani upande wa kina mama anaingia na sauti ya pili aliyojifunza kwaya ya vijana enzi hizo, watoto wanapiga kelele ya sauti ya kwanza, na pale mbele tulipo hakuna anayegusa chombo. Watu huniuliza raha ya kupiga besi kanisani ni ipi. Ndiyo hiyo, na wakati huo sipigi chochote. Tumekusanyika mazoezini wiki nzima, tumebeba spika, tumebandika nyaya, ili tufike mahali ambapo hatuhitajiki kwa mizunguko miwili ya kiitikio. Nikirudi na noti yangu ya kwanza baada ya hapo, narudi polepole, nisiwaharibie.

SWALI: Mama, mimi ni fundi mitambo. Kila Jumapili mpiga solo ananiashiria aongezwe, kinanda naye aongezwe, mwimbaji anasema hajisikii, mwishowe maiki zinapiga mluzi na mchungaji ananitazama mimi. Naomba uwaambie wenzako kitu.

JIBU: Nitawaambia, na nitaanza na methali yao wenyewe: ngoma ikivuma sana hupasuka.

Wapiga vyombo wenzangu, sikilizeni jinsi mluzi unavyozaliwa. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena kwenye spika, inaingia tena. Mzunguko huo ukishakuwa na nguvu ya kutosha, noti moja inajilisha yenyewe hadi inapiga kelele. Kila unapoomba uongezwe kwenye monita, ile spika ya kujisikia iliyo miguuni pako, unausogeza mzunguko huo karibu na ukingo. Kwa hiyo mtu asiyejisikia aulize kwanza nini kipunguzwe. Mara nyingi ukimshusha mpiga solo kidogo, mwimbaji anajisikia bila fundi kugusa maiki yake. Waimbaji nao washike maiki karibu na mdomo, na wakipumzika wasiielekeze kwenye monita. Kuifunika kichwa chake kwa kiganja kunaongeza mluzi, ingawa kwenye video za wasanii inapendeza.

Na wewe fundi, mambo mawili. Ukumbi ukiwa mtupu asubuhi, kuta na sakafu vinarudisha sauti. Ukijaa, miili na nguo za watu vinameza sauti, hasa zile za juu, kwa hiyo ulichokipanga saa moja asubuhi hakitakuwa hicho saa nne. Wakati wa wimbo wa kwanza ondoka kwenye meza yako, tembea hadi safu za nyuma, usikilize. Jambo la pili, gitaa au kinanda kikiwa mbali na mikseri, usiunganishe kwa ule waya mwembamba wa gitaa moja kwa moja. Ukizidi mita tano au sita unaanza kuokota mvumo wa umeme na kupoteza ung'avu. Tumia kile kisanduku cha DI, kinabadilisha sauti ya gitaa iende kwenye waya wa maiki, ambao una nyuzi mbili zinazobeba sauti ileile kwa kinyume. Uchafu unaoingia njiani huingia kwenye nyuzi zote mbili sawasawa, na mikseri ikizilinganisha unafutika. Visanduku vingine vinahitaji ule umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikseri. Ukisahau kuuwasha utapekua nyaya zote bure.

Kuhusu masikio sitanii. Kipimo ambacho wataalamu wa afya kazini nchini Marekani hukitumia ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda salama unakatwa nusu. Kwenye 94 imebaki saa moja. Kwenye 100 imebaki robo saa, na drams zikipigwa kwa nguvu kwenye ukumbi mdogo zinafika hapo bila spika yoyote. Mpiga drams wetu anavaa vizibo vya masikio, nami navaa cha upande wake. Wanaotucheka ni vijana.

La mwisho kwa viongozi: fundi mitambo ni mwanabendi. Aje mazoezini, apewe orodha ya nyimbo, ajue ni ubeti upi unaoimbwa na mtu mmoja. Fundi anayekutana na wimbo mara ya kwanza Jumapili atafungua maiki ya solo mstari wa pili ukiwa umeshapita, kisha atalaumiwa.

SWALI: Mama Besi, wenzangu wanasema naharakisha drams kwenye nyimbo za sifa. Mimi naona ni waumini wanaovuta na makofi yao. Tuamue.

JIBU: Wote mna haki. Nyimbo za sifa zinapanda kasi kwa sababu damu inachemka, na wa kwanza kuchemka ni wewe. Metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, ikiwa sikioni itakuumbua ndani ya wiki mbili, kisha itakuponya. Ianze nyumbani kwenye mapigo 70 kwa dakika, polepole, kwa kuwa nafasi kati ya pigo na pigo ndipo mtu anapojulikana.

Lakini makofi nayo yana hesabu yake. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mtu aliye mita 34 kutoka jukwaani anakusikia sehemu ya kumi ya sekunde baadaye, anapiga kofi lake, na kofi hilo linachukua sehemu nyingine ya kumi kukurudia. Kwenye wimbo wa mapigo 100 kwa dakika, pigo zima ni sekunde 0.6, kwa hiyo kofi la nyuma linakufikia likiwa limechelewa theluthi ya pigo, na mpigaji wake hana kosa lolote. Ukijaribu kuyafuata makofi, unashuka, nao wanashuka zaidi. Tazama mkono wangu wa kulia au mguu wa kiongozi. Makofi ya safu za nyuma yapende tu.

SWALI: Nimeingia bendi hivi karibuni. Mchungaji wetu hupanda jukwaani ghafla, anaanza kuomba, bendi inaendelea chini chini, kisha bila neno lolote wote wanarudi kwenye kiitikio pamoja. Wanajuaje?

JIBU: Wanatazamana. Kila timu ina ishara zake, na zinafanana pengi. Kidole kinachozunguka hewani ni kurudia. Ngumi iliyofungwa ni kumaliza. Kiganja kinachoshuka ni kupunguza. Vidole vinne nyuma ya mgongo ni kwenda kwenye 4. Kwetu kiongozi hugusa bega lake kwa kiitikio na kichwa kwa ubeti, na kuna siku aliwashwa kichwa, nikacheka hadi nikamgeuzia mgongo mpiga drams.

Wakati mchungaji anaomba, kaa kwenye 1 na 4, kodi ndefu, noti chache. Mimi huwa nashika noti moja ya chini na kuiacha iishe yenyewe kabla sijapiga nyingine. Usipige solo chini ya maombi ya mtu. Sikiliza anavyovuta pumzi: mhubiri yeyote hubadilisha sauti kabla ya kusema amina, na ukimzoea utajua mistari miwili mapema. Hiyo haimo kwenye video ya mafunzo yoyote. Ni kukaa naye tu, Jumapili baada ya Jumapili.

SWALI: Je, wapiga vyombo walipwe?

JIBU: Makanisa yanatofautiana, na sitagombanisha watu na kamati zao. Ninalolisimamia ni dogo: nyuzi, betri, ngozi za drams na nauli ya mazoezini visitoke mfukoni mwa kijana anayejitolea. Liandikwe kwenye bajeti kama inavyoandikwa sabuni ya usafi.

SWALI: Mama, napiga kinanda. Wenzangu wakiimba wanafumba macho na machozi yanawatoka. Mimi nawaza kodi inayofuata na kama nimechagua sauti sahihi ya kinanda. Je, ninaabudu au ninafanya kazi tu?

JIBU: Swali hili limekuja kwenye barua kadhaa, nyingi za wapiga kinanda. Wapiga drams hawaulizi, sijui kwa nini.

Fungua 1 Mambo ya Nyakati, sura ya 25. Daudi anawapanga waimbaji pamoja na wapigaji wa vinubi, vinanda na matoazi. Wanahesabiwa 288, waliofundishwa kazi hiyo. Wanagawanywa zamu 24, kila zamu watu 12, na kura zinapigwa kwa mkubwa na mdogo, mwalimu na mwanafunzi, bila upendeleo. Ukiisoma kwa macho ya mwanabendi, ile ni ratiba ya zamu iliyobandikwa mlangoni. Rudi nyuma hadi sura ya 15 umkute Kenania, aliyepewa usimamizi wa uimbaji kwa sababu alikuwa mstadi. Machozi yake hayakutajwa.

Kwa hiyo ukiwaza kodi inayofuata uko kwenye zamu yako. Kama wote tungefumba macho, nani angeiona ishara ya kiongozi? Yule mama wa safu ya tatu analia kwa amani kwa kuwa wewe umefumbua macho na kodi imekuja ilipotakiwa.

Ila nakuelewa, kuna kiu hapo. Chukua wimbo mmoja wa kuabudu, mmoja tu, uupige nyumbani hadi mikono iende peke yake, kwenye funguo tatu tofauti, bila karatasi. Wimbo huo ukipangwa, akili yako itakuwa na nafasi ya kuyasikia maneno. Baadaye ongeza wa pili. Mimi nina nyimbo kama hizo, na zikianza mpiga drams ananijua, anapunguza kidogo.

Na hapa nitoe dukuduku langu. Kinachonitia shaka kuhusu ibada ya mpiga vyombo hakimo kwenye vidole vyake. Ni pale anaposhuka jukwaani mahubiri yanapoanza, anatoka nje kupiga soga na simu hadi aitwe kwa wimbo wa mwisho. Huyo ndiye ningependa aniandikie.

SWALI: Shikamoo Mama Besi. Mimi ni msichana wa miaka 14. Nataka kupiga besi kanisani lakini wavulana wa bendi wanasema vidole vyangu ni vifupi na besi ni ya wanaume. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha.

Besi ya kawaida ina urefu wa uzi wa inchi 34, kama sentimita 86. Zipo besi fupi za inchi 30, kama sentimita 76, na hizo zinapigwa na watu wazima wenye mikono mikubwa kwa sababu wanapenda sauti yake. Ukipata fupi, sawa. Ukipata ndefu, anzia juu kidogo ya shingo, karibu na mwili wa gitaa, ambako nafasi ni ndogo, kisha shuka taratibu kadiri mkono unavyofunguka. Kabla ya Leo Fender kutoa besi yake ya umeme mwaka 1951, besi iliyozoeleka kwenye bendi ilikuwa fidla kubwa kuliko mpigaji wake, isiyo na vigawanyo, vile vyuma vyembamba vya kugawa shingo. Ile ya 1951 iliwekewa vigawanyo ili noti ikae mahali pake, na ikawa ya kuning'iniza begani. Kwa hiyo mtu mdogo alishafikiriwa zamani.

Nyuzi ni nne: E, A, D, G, kutoka nene hadi nyembamba. E ile ikiachwa wazi inatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na sauti ya chini namna hiyo utaisikia kifuani kabla ya sikioni. Mkono wa kulia, tembeza vidole viwili kwa zamu, cha shahada na cha kati. Mkono wa kushoto, kata kucha. Ncha za vidole zitauma wiki za mwanzo, kisha zitakomaa. Piga dakika 20 kila siku kuliko saa tatu siku moja.

Usijifunze madoido bado. Chukua wimbo mnaouimba kanisani kila mara, piga noti ya kwanza ya kila kodi, moja tu, pamoja na lile dramu kubwa linalopigwa kwa mguu. Ukiweza kufanya hivyo wimbo mzima bila kuwahi wala kuchelewa, una kazi katika bendi yoyote ninayoifahamu. Kaa mazoezini karibu na mpiga drams hata kama hujaruhusiwa kupiga. Beba waya, tazama, uliza.

Halafu jifunze majina ya noti kwenye nyuzi zote nne hadi kigawanyo cha 12. Wavulana wengi hawajayajua, wanakariri maumbo tu. Siku watakaporudia maneno yao, waulize kwa upole noti iliyo kwenye kigawanyo cha 3 cha uzi wa A. Ni C. Usiwaambie.